Mjadala: Mwanafalsafa ana kazi gani kwenye utafiti wa maadili ya tiba?

Mleta mada: Kilifi, Kenya, kwenye utafiti wa kinga ya malaria, watu wazima wenye afya walidungwa mshipani vimelea 3,200 vya malaria kwa hiari yao. Walifuatiliwa hadi siku 21 na kutibiwa vimelea vilipofika 500 kwa mikrolita ya damu. Walilipwa fidia ya muda wao, na ubishi mkubwa ukawa hapo. Mwanafalsafa anasaidia nini, wakati madaktari, watakwimu na watafiti wa jamii wapo?

Mtafiti wa Jamii: Mara nyingi hasaidii. Anaitwa mahojiano na washiriki yakishaisha, anabandika kanuni 3 za Ripoti ya Belmont ya 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti kwa binadamu (heshima kwa mtu, kutenda mema, haki), basi. Waliotuonyesha hali halisi ni waliokaa na washiriki na familia zao wakawasikiliza.

Mwalimu wa Maadili: Kuchelewa kuitwa ni kosa kweli. Lakini mahojiano yakisema wengi walifuata fidia, bado hujajua kama fidia hiyo ni mbaya. Tuhuma 3 huchanganywa. Kulazimisha kunahitaji tishio: ukikataa, hali yako inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Ahadi ya pesa si tishio. Kishawishi kilichopita kiasi ni pesa kumfanya mtu asipime hatari, au afiche jambo wakati wa uchunguzi wa awali. Unyonyaji ni kubebeshwa mzigo mzito kwa malipo duni. Sasa angalia tiba zake: unyonyaji unatibiwa kwa kuongeza malipo, kishawishi pengine kwa kupunguza. Kamati ya maadili inayosema "pesa inawanyonya maskini" kisha ikakata fidia imewanyonya zaidi.

Nesi wa Utafiti: Na hata kwa kishawishi, kukata fidia si dawa ya kwanza. Kama hofu ni watu kuficha, pima. Kilifi kuna washiriki waliotolewa kwenye uchambuzi kwa sababu damu yao ilikuwa na dawa za malaria, na hilo lilionekana maabara. Jambo jingine ni ratiba ya malipo. Ukilipa zote siku ya mwisho, haki ya kujitoa inabaki kwenye karatasi tu. Lipa kwa siku alizokaa, na kabla hajatia sahihi fomu ya ridhaa muulize: "Ukijitoa siku ya 9, utapata nini?" Akikosea, rudia maelezo.

Mtafiti wa Jamii: Hayo nayakubali, ila mwanafalsafa awepo tunapoandika mwongozo wa mahojiano. "Ulikuja kwa ajili ya pesa?" halitenganishi tuhuma hizo. Afadhali: "Ulielezwa hatari zipi?" na "Nyumbani ulikosa kipato gani?" Lakini washiriki wakisema hawakunyonywa?

Mwalimu wa Maadili: Mtu anaweza kuridhika na malipo yasiyo ya haki kwa kuwa hana kazi nyingine. Kauli yake ni ushahidi mzito, si hukumu.

Mtafiti wa Jamii: Hapo ndipo tunapoachana. Hukumu hiyo isitolewe bila wawakilishi wa jamii wenye kura kwenye kikao kinachopanga kiwango cha fidia.