2000 Guineas: mbona anayeongoza hunyauka mwishoni?

Mdau wa Ngamiani, Tanga: Wakuu, hapa kijiweni Barabara ya 8 ubishi mtupu. Hizi 2000 Guineas, mbio za farasi wa miaka 3 kule Newmarket, Uingereza, njia si imenyooka? Mbona anayeongoza huchoka karibu na utepe? Na farasi waliohasiwa mbona hawamo?

Chumbageni: Imenyooka, ila si tambarare. Ni maili 1, yaani mita 1,609. Kabla ya mita 200 za mwisho kuna mteremko unaoingia bondeni, kisha mlima hadi mwisho. Farasi mchanga akishuka kwa kasi hupoteza mizani, hatua zinavurugika. Mpanda amshike kwa hatamu, amtulize, amwachie akianza kupanda. Aliyemaliza pumzi mapema, kwisha habari.

Sahare: Waliohasiwa hawazai, na mbio hizi, zilizoanza 1809, ni za kuteua mbegu. Majike ruksa, tena hupunguziwa ratili 3, kama kilo 1.4.

Angalieni na mwezi wa kuzaliwa. Farasi wa kaskazini mwa ikweta wote huongezwa mwaka Januari 1. Wa Februari na wa Mei wote huitwa wa miaka 3, misuli haifanani kabisa!

Mdau wa Ngamiani: Nyasi zikilowa?

Chumbageni: Kwato zinazama, kasi inashuka. Ushindi mpe mwenye pumzi.