Mji mdogo, kodi nyingi: tatizo ni wakusanyaji?

Swali
Nalinganisha mapato ya ndani ya halmashauri mbili. Ya vijijini ina eneo mara 40 ya ile ya mjini, na mazao tele, lakini makusanyo yake hayafiki hata sehemu moja ya kumi. Ni uzembe? Na nitumie kipimo gani?

Jibu 1
Jumla ya makusanyo itakupotosha. Gawa kwa mkazi, gawa kwa hekta, halafu tazama gharama. Kilomita moja ya barabara ikiwa na kaya 400, kila kaya inabeba mita 2.5. Ikiwa na kaya 8, kila moja inabeba mita 125. Hata wote wakilipa sawasawa, barabara ya kijijini ina walipaji pungufu mara 50. Na hawalipi sawa: jengo la ghorofa 6 likichukua robo tatu ya kiwanja, linatoa sakafu mara 4.5 ya kiwanja chenyewe, yote ya kutozwa.

Jibu 2
Kweli, ila usisahau faida inaandikwa wapi. Mazao hununuliwa shambani, vitabu vya hesabu vikafungwa makao makuu, na kodi ikabaki huko huko. Ujerumani hugawa kodi ya biashara kati ya manispaa zenye matawi kwa kufuata mishahara inayolipwa kila mahali. Mitambo ya upepo haina wafanyakazi wa kuhesabika, kwa hiyo ilibidi itungiwe kanuni ya peke yake, la sivyo vijiji vinavyoibeba visingeambulia kitu.

Jibu 3
Kabla ya kulaumu watu, kagua daftari la kodi ya majengo. Majengo yaliyoandikishwa yakiwa 60%, uthamini wa zamani ukifikia 50% ya bei ya soko, na wanaolipa wakiwa 70%, basi 0.6 × 0.5 × 0.7 = 0.21. Unapata 21 kati ya kila 100 ulizostahili kukusanya. Wengi hapo hupandisha viwango, na mzigo unawaangukia walewale waliokwisha andikishwa. Ni kuwaonea. Anza na daftari.

Muuliza swali
Na pengo linalobaki lijazwe kwa ruzuku?

Jibu 3
Ndiyo, lakini angalia fomula. Ruzuku ikipungua kila makusanyo yanapoongezeka, hakuna mhasibu atakayehangaika kukusanya. Swideni huzihakikishia manispaa msingi wa kodi wa 115% ya wastani wa taifa kwa kila mkazi, na hesabu hufuata uwezo wa kodi, yaani kipato cha wakazi kinachotozeka, wala si fedha zilizokusanywa. Manispaa ikipunguza kiwango chake cha kodi, hasara ni yake.