Deraya ya karatasi hainitoshi, kwenye skeli nakosea wapi?

mkasi_mkali
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu nimekaa nayo wiki ya pili sasa. Natengeneza deraya ya karatasi ya kuvaa, nzima, yaani helmeti, kifua, mabega, vigasha mpaka miguuni, mafaili ya pepakura (modeli za 3D zinazokunjuliwa ziwe vipande vya karatasi vya kukata na kubandika) ninayo na nafungulia kwenye programu ya Pepakura Designer. Kwenye skeli, yaani asilimia ya kukuza au kupunguza modeli, nilifanya hivi: modeli nzima ikisimama ina sentimita 183, mimi nina 178, nikagawanya nikapata asilimia 97, nikaweka hiyohiyo kwa kila kipande. Nikaprinti kwenye manila, nikakata, helmeti peke yake nimeibandika siku nne na sikukimbilia, kila mkunjo naupitishia kwanza rula na kalamu iliyoisha wino ndo nakunja. Imetoka nzuri kweli. Sasa kuvaa, inashuka vizuri ikifika masikioni inakwama, nikisukuma nasikia gundi inaanza kuachia kule nyuma. Kigasha nacho kiganja hakipiti kabisa. Hesabu nimeirudia mara tatu iko sawa. Nyie huwa mnapimaje?

vipimo_kwanza
Mkuu hesabu iko sawa ila umepima kisichohusika. Urefu wa mtu hausemi chochote kuhusu kichwa chake, mrefu na mfupi unaweza kukuta wanavaa kofia moja na ikawakaa wote. Kila kipande kina skeli yake, helmeti ya kwake, kifua cha kwake, kigasha cha kwake. Hilo ukilikubali mengine ni rahisi.

Kichwa usikipime kwa futikamba kukizungusha, ule mzunguko unamfaa fundi wa kofia maana kofia inabana, helmeti haibani. Unachotaka ni upana, kina na kimo. Chukua vitabu viwili vyenye jalada gumu, vigusishe masikio kulia na kushoto bila kukandamiza, mtu akupimie kati ya kitabu na kitabu. Kina, egemeza kisogo ukutani, kitabu kiguse ncha ya pua, pima kutoka kitabuni mpaka ukutani. Kimo, kitabu kimoja utosini kingine chini ya kidevu. Ongeza sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya sponji ya ndani, maana helmeti isiyo na sponji ukigeuza shingo yenyewe inabaki inaangalia mbele.

Afu hapa ndo wengi wanapotea: ule ukubwa ambao programu inakuandikia wa modeli iliyounganishwa usiuamini. Unahesabu mpaka pembe na antena na vile vinundu vya masikioni, wakati kichwa chako kinakaa ndani. Tafuta kwenye modeli nukta mbili za ndani pale masikio yanapokaa, pima umbali wake, namba hiyo ndo ulinganishe na kichwa. Tuletee vipimo.

mkasi_mkali
Asante sana mkuu. Nimepima sasa hivi, mdogo wangu kanishikia vitabu. Upana masikio na masikio 19, kina 22, kimo 23. Kwenye programu kwa hiyo asilimia 97, ndani pale masikioni inasoma 19.6. Sasa hapo ndo sielewi, 19.6 si inazidi 19? Ilitakiwa ipite hata kwa shida.

karatasi_na_gundi
Ndugu kabla hujagusa skeli chukua rula upime karatasi yenyewe. Kwenye programu chagua mstari wowote uliorefu ujue una sentimita ngapi, halafu utafute mstari huohuo kwenye kipande ulichoprinti. Nina wasiwasi printa imekupunguzia. Printa nyingi zina ile chaguo ya kuenezesha kwenye ukurasa na mara nyingi inakuwa imeshawekwa yenyewe, inabana kila kitu kidogo ili kisiguse kingo, na wewe huwezi kujua kwa macho kwa sababu vipande vyote vimepungua sawa, vinabandikana bila tatizo lolote. Angalia pia saizi ya karatasi, A4 ni milimita 210 kwa 297 na Letter ni 216 kwa 279, faili likipangwa kwa moja likaprintiwa kwa nyingine inatokea hivyohivyo.

mkasi_mkali
Mungu wangu. Mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi una 9.6.

vipimo_kwanza
Basi tumeshampata. 19.6 mara 0.96 ni 18.8, kichwa chako 19, ndo maana ilifika masikioni ikagoma. Ila usiprinti tena kwa 97 hata kama printa imekaa sawa, maana ungebaki na milimita 6 tu jumla na sponji haina pa kukaa. Unataka 19 jumlisha 3, yaani 22. Gawanya 22 kwa 19.6 unapata 1.122, zidisha na 97, inakuja kama 109. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kina na kimo, kati ya namba tatu chukua kubwa.

Ila tundu la shingo usiliingize kwenye hesabu hiyo. Tundu la shingo ni jembamba kuliko pale masikioni na kichwa lazima kipite hapo, ukiongeza skeli ya helmeti nzima mpaka tundu litoshe unapata kichwa kikubwa kama boga juu ya mabega ya kawaida. Bora ukate kisogo kiwe mlango, uweke sumaku ndogo. Na ujiandae kwa karatasi, ukiongeza skeli asilimia 10 eneo linaongezeka 21, vipande vingine vitavuka kingo za ukurasa itabidi uvipange upya.

sponji_mm10
Niongeze upande wa kigasha. Usipime kifundo cha mkono, pima kiganja, kunja kidole gumba ndani ya kiganja uzungushe futikamba pale kwenye vifundo vya vidole. Mimi kifundo 17 ila kiganja 25, ningefuata kifundo nisingevaa kamwe. Na kama baadaye utahamishia kwenye sponji ngumu ya EVA, unene wake unakula nafasi ya ndani. Duara la sponji ya milimita 10 linapoteza ndani kama sentimita 6.3, yaani mara mbili ya pai mara unene. Kwa hiyo kwangu 25, moja ya kupumua, na 6.3, patani, yaani kipande cha kukatia, nikaiweka mzunguko wa 32.3. Ukitaka kigasha kibane vizuri kipasue kwa ndani uweke velkro, hapo sasa unaweza kufuata mkono wenyewe.

Kabla ya kuprinti chochote kata ukanda wa manila wa urefu huo, ubandike selotepu uwe pete, uvae, ukunje kiwiko, ufunge ngumi. Ni dakika mbili na inakuonyesha mambo ambayo namba haikuonyeshi.

karatasi_na_gundi
Kifua kina shida yake, upana na urefu vinataka skeli tofauti. Pima kutoka kwenye kishimo cha koo mpaka kiunoni ukiwa UMEKAA, sio umesimama, deraya ndefu ukikaa inapanda mpaka kidevuni. Kama skeli ya upana na ya urefu zinapishana chini ya asilimia 5 chukua kubwa ujazie sponji. Zikipishana zaidi, ivute modeli kwenye Blender, ile programu ya 3D, kila upande kwa namba yake halafu ndo uikunjue iwe vipande vya karatasi, au acha skeli ya urefu uongeze ukanda ubavuni chini ya kwapa ambako hakuna anayeangalia.

mkasi_mkali
Wakuu nimerudi. Kina kilinipa 108, kimo 104, kwa hiyo nimebaki na 109. Nimezima ile ya kuenezesha, nikapima mstari, 10 kamili. Sikuprinti helmeti nzima, nimeprinti vile vipande vinavyozunguka masikioni tu, nimevishika kwa selotepu nikavaa kama taji. Imepita!! Kidole kinaingia kila upande. Kisogo nitakikata kama mlivyosema. Nikimaliza naipaka resini, ile ya maji inayokauka ikawa ngumu, moja kwa moja au?

vipimo_kwanza
Hapana, kwanza kata vijiti vya kadibodi ngumu vya sentimita 22, uvitege kwa ndani kutoka upande mmoja mpaka mwingine, pale masikioni na kwenye tundu la shingo. Resini mbichi inalegeza karatasi na ikikauka inakaa vilevile ilivyolegea, hizo sentimita ulizozitafuta zinaweza kukupotea hapo. Pakia nje kwenye hewa, barakoa ya kuchuja mvuke na sio ya kitambaa, na vijiti usivitoe mpaka ikauke kabisa.