Kipande cha paa la gari la safari kilinyanyuka tukiwa kwenye lami: nikifunge vipi kabla ya kuondoka?

Dereva_Manyara
Ndugu zangu madereva na mafundi, habari za jioni. Nina Land Cruiser ya watalii ambayo paa lake la faiba lina vipande viwili: cha mbele huinuka juu ya nguzo nne, na cha nyuma hutolewa chote wageni wanapotaka kusimama na kutazama wanyama. Kila kipande hubanwa kwa klipu nne kutoka ndani. Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Tarangire kurudi Arusha, tumekwishapita Makuyuni kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hivi, lori likapishana nasi. Nikasikia mluzi juu ya kichwa, kisha kishindo. Nilipoegesha pembeni nilikuta kona ya nyuma kulia ya kile kipande cha kutolewa imenyanyuka kiasi cha kupitisha vidole. Klipu yake ilikuwa imelala kama iliyofungwa, ila ulimi wake haukuwa umeingia kwenye ndoano. Nyuma yetu alikuwa anakuja mtu na bodaboda, na tangu siku hiyo sijaacha kumfikiria. Naomba mnieleze mnafanya nini kabla ya kuondoa gari, na kama inafaa kuongeza kifungio kingine.

Kiongozi_wa_Nyika
Pole sana, ndugu yangu, na ulifanya vyema kusimama papo hapo. Nimeendesha magari ya aina hiyo kwa miaka mingi, na karibu kila mara nilipokuta paa limelegea, lilikuwa limefungwa na mtu mwingine: mgeni aliyetaka kunisaidia, au kijana aliyeosha gari. Kwa hiyo klipu siiamini kwa macho wala kwa mlio wake. Naingia ndani mwenyewe, nasimama chini ya kila kona, naweka kiganja na kusukuma juu kwa nguvu kama mtu anayetaka kulifungua. Kona iliyoshika haisogei. Ambayo haikushika hucheza, na utaona uzi wa mwanga kati ya paa na mpira wake. Zoezi hilo halimalizi dakika moja.

Nalirudia kila ninapoingia kwenye lami. Nikitoka Serengeti, barabara ya vumbi kutoka Naabi kuja Ngorongoro hulitikisa gari kwa saa kadhaa, basi nasimama kwenye lango la Loduare, pale lami inapoanzia, na kuzikagua klipu zote upya hata kama sikulifungua paa siku nzima. Ndani ya hifadhi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na klipu mbovu inaweza kukuvumilia huko kutwa, ije kukuumbua ukishaongeza mwendo.

Fundi_Bodi
Hilo la mwendo lina sababu yake. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na dirisha likiwa wazi, hewa ya ndani nayo hulisukuma kutoka chini. Nguvu hiyo haipandi sambamba na mwendo: ukitoka kilomita 50 ukafika 80, inakuwa zaidi ya mara 2 na nusu, ukifika 100, imekuwa mara 4. Ongeza mkupuo wa hewa wa lori mnapopishana, na kona moja iliyolegea inatosha kuzitia mashakani zile tatu zilizobaki.

Ndugu muuliza, kabla ya kufikiria kifungio cha ziada, nakuomba uifungue ile klipu utazame matundu ya bolti zake. Faiba ikiwa imebanwa kwa nati tupu, bila kibamba cha chuma upande wa pili, mtikisiko huitafuna taratibu, tundu la duara likawa kama yai, na ulimi ukaanza kuikosa ndoano kwa milimita chache. Ukiona nyufa nyembamba zimetawanyika kuzunguka bolti kama utando wa buibui, hapo faiba imeshachoka. Angalia na mpira wa kuzuia vumbi pia, kwa maana ukibadilishwa ukawekwa mnene kuliko wa awali, klipu itafungwa kwa kulazimishwa na haitafika mwisho. Mpira huo usiupake grisi, kwani huuvimbisha na kukusanya vumbi, upake silikoni.

Safari_Njema
Mimi kwa miaka yote napitisha mpira wa tyubu juu ya paa na kuufunga kwenye keria pande zote mbili. Haujawahi kuniangusha.

Fundi_Bodi
Mzee wangu, kwa mizigo mpira wa tyubu ni mzuri, lakini kwa paa naomba uuache. Mpira huvutika, utakiacha kipande kinyanyuke sentimita chache, na hewa ikishapata upenyo wa kuingia chini yake, mvuto unakuwa mkubwa maradufu. Kifungio cha pili kiwe kisichovutika, kama pini inayopita kwenye klipu ili isifunguke yenyewe, au waya mfupi wa chuma unaokiunganisha kipande na fremu kutoka ndani, ili hata klipu zikishindwa kisimfikie aliye nyuma.

Dereva_Manyara
Asanteni sana. Leo nimefungua klipu zote nane, na ile ya kona ya nyuma kulia imekutwa kama alivyosema Fundi: tundu limetanuka, nyufa zipo, na kibamba hakikuwepo. Gari halitatoka mpaka litengenezwe. Swali la mwisho: kipande cha nyuma kikishatolewa, kikae wapi tunapoendelea na safari?

Kiongozi_wa_Nyika
Kama mtarudi kambini hapo hapo, kiache kambini. Kama hamrudi, kirudishe mahali pake kabla ya safari ndefu. Kukilaza ndani nyuma ya viti hapana, kwani ukifunga breki ghafla kitawafuata wageni shingoni. Ikilazimu kikae juu ya keria, kilaze kifudifudi, ukifunge kwa mikanda miwili ya kubana mizigo, mmoja ukipita karibu na ukingo wa mbele ambako upepo huingilia, kisha usimame baada ya kilomita chache uikaze tena.