MREJESHO: Daivetikulaitisi akiwa na miaka 41, je, akatwe utumbo?

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Swali lilihusu mgonjwa wa miaka 41, shambulio la kwanza la daivetikulaitisi (vifuko vidogo vya ukuta wa utumbo mpana kuvimba), tumbo la chini kushoto. CT (picha ya kina ya ndani kwa eksirei) haikuonyesha jipu wala hewa nje ya utumbo. Daktari mmoja alitaka akipoa akatwe kipande cha utumbo mpana, eti kwa sababu bado kijana.

Asanteni mliosema umri peke yake si sababu. Mwongozo wa Marekani wa 2020 wa madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana unasema hivyo hivyo. Kijana ana miaka mingi ya kurudiwa na ugonjwa, kweli, lakini utumbo kutoboka hutokea zaidi kwenye shambulio la kwanza. Upasuaji umefutwa.

Ushauri wa kutoanza antibayotiki ulifaa nusu tu. Alipewa vinywaji na parasetamoli gramu 1 kila saa 8, diklofenaki marufuku (huongeza hatari ya utumbo kutoboka). CRP (kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi mwilini) ikapanda kutoka 60 hadi 140, homa 38.4. CT ikarudiwa, jipu hakuna. Akaanza amoksisilini-klavulaneti mg 625 kila saa 8, homa ikakata. Kolonoskopi (kamera ya kuchungulia utumbo mpana) baada ya wiki 6: vifuko tu, saratani hakuna. Kichomi kidogo kushoto bado kipo.

Mkuu uliyeuliza kuhusu bibi wa miaka 82, huyo usingoje tumbo liwe gumu ndipo uamini ni ugonjwa mkali. Wazee wanaweza kuwa na usaha tumboni bila homa. CT mapema, na kreatinini (kipimo cha damu cha figo) iangaliwe kabla ya dawa ya kung'arisha picha.