Kubadilisha shilingi ya Tanzania kuwa ya Kenya, na chanzo cha tofauti yake

Mchuuzi wa Arusha
Ndugu wanajukwaa, hununua bidhaa Nairobi kupitia Namanga, nami hukadiria kwamba shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi 20 zetu. Je, hesabu kamili hufanywaje, na kwa nini fedha zenye jina moja zimeachana kiasi hiki?

Kaunta
Ndugu Mchuuzi, hesabu hupitia dola. Dola ikiwa shilingi 130 za Kenya na 2,600 za Tanzania, ukigawanya unapata 20. Hicho, hata hivyo, ni kiwango cha katikati, na duka la kubadilishia fedha lina bei ya kununua na bei ya kuuza. Wewe unayehitaji shilingi za Kenya utatozwa bei ya kuuza, ambayo ndiyo ya juu. Wakikuuzia kwa 20.5, shilingi 50,000 za Kenya zitakugharimu 1,025,000 badala ya milioni moja, hata kama bango limeandika kwamba hakuna ada.

Mzee wa Daftari
Kwa upande wa asili, zilikuwa fedha moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilianza kutoa shilingi mwaka 1921, ishirini kwa pauni ya Uingereza. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa kila moja shilingi yake, zikiwa sawa kwa sawa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dola ilikuwa shilingi 7.14 Nairobi na Dar es Salaam vilevile. Baada ya kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera, Tanzania iliishiwa fedha za kigeni, lakini serikali ilishikilia kiwango rasmi huku ulanguzi ukishamiri, hadi ilipolazimika, hasa kuanzia 1986, kuishusha thamani shilingi kwa hatua kubwa. Kenya nayo ilishusha, ila si kwa kiasi hicho.

Mchuuzi wa Arusha
Ahsante, mzee wangu. Basi uchumi wao ndio wenye nguvu mara ishirini?

Mzee wa Daftari
La hasha. Wingi wa tarakimu unaonyesha mfumuko wa bei uliokwishapita. Uganda ilifuta sifuri mbili kwenye shilingi yake mwaka 1987 bila kutajirika siku hiyo.

Kaunta
Naongeza kwamba Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, na kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa imerudi karibu 130. Kadirio la 20 lisitumike kupanga bei ya mzigo wa mwezi ujao.