Tupeane uzoefu: betri za ndani zimejaa sola, betri ya kuwashia imekufa

MzeeWaNjiro
Habari za jioni wakuu. Masika hii magari mengi yameegeshwa, kwa hiyo nimeona tufungue mada kwa wenye magari ya kulala: Cruiser zenye hema juu, Kosta zilizogeuzwa nyumba, hata malori ya wageni.

Hali yenyewe mnaijua. Juu ya paa kuna paneli, chini ya kitanda kuna betri mbili za friji na taa, kontrola ya sola inasoma volti 13.6 na friji iko baridi. Ukizungusha ufunguo unasikia tik-tik-tik. Umeme uko tele nyuma ya kiti chako lakini haufiki mbele. Mfumo ulivyofungwa, altaneta (ile jenereta ya injini) inajaza betri zote gari likiwaka. Gari likizimwa rilei, yaani swichi ya umeme inayounga betri za ndani na ya mbele, inaachia, na sola haijui kabisa kama kuna betri nyingine kwenye boneti.

Kwangu mlaji ni trakka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Fundi alipitisha mita kwenye waya wa negativu, gari limezimwa na milango imefungwa, akasoma miliampea 50: trakka, alamu na saa ya redio kwa pamoja. Mtu anaweza kuidharau, lakini hesabu saa 24 upate ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa mwezi 36. Betri ya N70 ni kama ampea-saa 70. Mwezi mmoja umekula nusu ya betri na gari halijafika hata Tengeru.

Nilifunga kikasha kidogo kati ya betri ya ndani na ya mbele. Kinapima pande zote mbili. Ya ndani ikiizidi ya mbele kwa nusu volti au zaidi kidogo, kinapitisha ampea moja au mbili kwenda mbele. Tofauti ikipungua kinajifunga, na umeme haurudi nyuma, kwa hiyo friji haiwezi kuja kuiba huku. Zamani baada ya gari kukaa nilikuwa nakuta 12.2, siku hizi nakuta 12.7 au 12.8.

Wengine mnafanyaje? Watu wa Moshi msikae kimya, Kosta nyingi ziko kwenu.

DerevaWaKreta
Shikamoo mzee. Mimi sina kikasha, nina waya wa kushtulia na subira.

Mwezi wa saba tulilala ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, kule juu ya mita 2,300, baridi ile mnaijua. Wageni walikuwa wamechomeka kamera na simu kwenye soketi ya dashibodi usiku kucha, na soketi ile inakula betri ya mbele. Asubuhi wanataka kuwa geti la kushukia saa 12 kamili. Stata inazunguka nusu raundi, inasimama. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na oili nayo imekuwa nzito, basi vimekutana.

Niliunga waya kutoka betri ya ndani kwenda ya mbele, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha injini, nikaenda kunywa chai. Baada ya kama nusu saa nikarudi, ikawaka mara moja. Siri ni kuiacha betri ya mbele inywe kwanza. Jirani yetu kambini aliunga akapiga stata papo hapo kwa vile viwaya vyembamba vya dukani. Ganda la waya lililainika karibu na koleo, likaanza kutoa moshi. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampea, kiwaya kile kitabeba nini?

KijanaWaRau
Wakuu mnajisumbua. Naegesha kwenye mteremko, nasukuma, safari inaendelea 😂

FundiWaya_Mbauda
Kijana, sukuma yako inakubali betri ikiwa imechoka. Ikifa kabisa, ile solenoidi inayofungua mafuta kwenye pampu haipati umeme, utasukuma mpaka Himo na dizeli haipiti. Na ukiwa na gari la otomatiki usijaribu.

Mzee wa Njiro, kikasha chako ni kizuri. Kwa asiyekipata nitaeleza tunachofanya gereji, maana wengi wanakuja wakitaka "niunganishe tu hizi betri". Kuunganisha moja kwa moja ni kutengeneza betri moja kubwa: friji ikimaliza za nyuma imemaliza na ya mbele, na hapo umepoteza sababu ya kuwa na betri mbili.

Njia ya kienyeji ni taa ya breki ya wati 21 pamoja na dayodi, vimefungwa kwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Taa kazi yake ni kubana mkondo. Hata betri ya mbele ikiwa tupu kabisa, hazipiti ampea mbili, waya hauungui na betri haishtuki. Dayodi inazuia umeme kurudi nyuma. Ukiona taa inawaka ujue ya mbele ina njaa, ikififia ujue inakaribia kushiba. Ubaya wake ni kwamba dayodi ya kawaida inakula volti 0.6 hadi 0.7. Sola ikisukuma 13.6, mbele inafika 12.9 hivi. Hiyo inatosha kuitunza betri yenye afya, ila haiwezi kuirudisha iliyozama. Omba dayodi ya Schottky, inakula karibu nusu ya hapo.

Halafu wakuu, betri iliyolala chini ya volti 12 kwa wiki kadhaa imeshaganda salfeti kwenye bamba zake. Kuna mteja aliniletea N70 inayosoma 12.6 vizuri kabisa, nikaipa mzigo ikaanguka hadi 8. Alitaka nimfungie chaja ya kuitunza. Nikamwambia hii ni ya kuuza chakavu.

MamaKosta_Moshi
Asante fundi, wewe unaeleza, wengine wanaficha. Mimi niko Shanty Town, nina Kosta yenye vitanda na jiko, ndani nimeweka lithiamu. Naomba wenye lithiamu wanisikilize kidogo, maana mada kama hizi huongelewa kwa hesabu za betri za asidi.

Betri ya asidi iliyojaa ikitulia inasoma 12.6 au 12.7. Ya lithiamu-chuma-fosfeti inakaa 13.3, na hata ikibaki chini ya nusu bado inasoma kama 13.2. Sasa fundi aliyenifungia alitumia rilei ya volti, ile inayounga ikiona 13.3 na kuachia ikishuka 12.8. Kwa lithiamu rilei ile haiachii! Usiku kucha betri zimeungana, friji inavuta, taa zinavuta, na rilei inaona 13.2 inajua altaneta inafanya kazi. Niligundua kwa kushika boksi la rilei saa tano usiku gari likiwa limezimwa tangu mchana: lilikuwa la moto.

Tuliitoa. Sasa kuna chaja ya DC kwa DC inayojaza lithiamu gari likiwaka tu, imefungwa kwenye waya wa swichi ya ufunguo. Kurudi mbele nina kikasha kama cha mzee, lakini nimekiwekea swichi yangu mwenyewe. Mchana jua likiwepo nawasha, jioni nazima. Kikasha hakiwezi kujua kama lithiamu imebaki robo au imejaa, maana volti ni karibu zilezile.

MzeeWaNjiro
Mama hapo umenifungua macho, nilikuwa na mpango wa lithiamu mwakani. Swali: kwa nini usihamishe trakka na redio zikale betri ya ndani, ya mbele ibaki bila mzigo?

MamaKosta_Moshi
Redio nilihamisha. Trakka bima hawakutaka iguswe.

KinyoziMstaafu
Nina Cruiser ya zamani ya volti 24, betri mbili za 12 kwa mfululizo. Niliinunua kwa kampuni moja ya utalii hapa Arusha, sitaitaja. Redio ya mawimbi na kafriji ka volti 12 vilikuwa vimeungwa kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Kila mwaka moja inakufa, nyingine inachemka maji. Nilinunua betri mpya, hadithi ikawa ileile.

FundiWaya_Mbauda
Hiyo ndiyo kesi ninayokutana nayo zaidi kwenye magari ya safari, afadhali umeileta. Altaneta inaona jumla ya 28 inaridhika, haijui kwamba ndani ya hiyo 28 moja ina 13 na nyingine 15. Yenye mzigo wa friji inakaa njaa daima, mwenzake inajazwa kupita kiasi mpaka maji yanakauka. Hata ukileta kikasha cha kutunza kutoka betri ya ndani ya volti 12 ukakifunga kwenye moja, unaendeleza ugonjwa uleule upande wa pili. Kwanza ondoa mizigo yote iliyoungwa kwenye betri moja, weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 kinachovuta kutoka zote mbili. Betri zinunue mbili pamoja, umri mmoja, aina moja. Baada ya hapo ndiyo tuzungumze chaja ya kutunza, na iwe ya kupandisha 12 kwenda 24.

KinyoziMstaafu
Nakuja Jumatatu mkuu. Una kibadilishi au nitafute?

FundiWaya_Mbauda
Njoo na gari kwanza nipime. Wengine wameshafungiwa kibadilishi lakini friji bado iko kwenye waya wa zamani.

DerevaWaKreta
Fundi, hicho kikasha cha mzee na ile taa ya breki, fyuzi unaweka wapi? Wengi naona wanaweka moja tu katikati.

FundiWaya_Mbauda
Mbili. Moja karibu na betri ya mbele, nyingine karibu na ya ndani, ndani ya sentimita 20 ukiweza. Waya ule una umeme kutoka pande zote mbili, ukikatika na kugusa chesisi katikati ya gari, fyuzi ya upande mmoja haizuii betri ya upande wa pili kuuchoma. Kwa mkondo huu mdogo fyuzi ya ampea 5 inatosha, waya wa milimita mraba 2.5, na uupitishe ndani ya bomba pale unapopita karibu na ekzosi. Waya wa minasi (hasi) usiusahau: betri za ndani ziungwe chesisi kwa waya mnene, siyo skrubu ya kabati. Nimeona Kosta moja huko Majengo minasi yake imefungwa kwenye bawaba ya mlango.

MamaKosta_Moshi
Majengo ipi? Siyo yangu hiyo 😅